Transista za redio ya zamani kwenye pedali ya fazi: kwa nini sauti hubadilika joto likipanda

Swali: Nimebomoa redio mbili za zamani na kupata AC128 mbili, OC71 moja ya kioo, AF117 yenye miguu minne, na nyingine ya bati ambayo maandishi yake yamefutika. Nataka kujenga fazi ya gitaa (pedali inayoikwaruza sauti kwa makusudi) ya transista mbili, mfano wa ile pedali maarufu iitwayo Fuzz Face. Nimeijaribu kwenye bredibodi (ubao wa majaribio usiolehemewa) kwa zile AC128. Asubuhi inaimba vizuri, lakini chumba kikishapata joto sauti inakatika-katika na noti zinakufa mapema. Mita yangu inasema AC128 moja ina gaini (ukuzaji wa mkondo) 180 na nyingine 95. Je, zimeharibika? Ile isiyo na jina nitaijuaje? Na ni kweli kwamba bila transista za NKT275 halisi sauti ile haipatikani?

Jibu: Ndugu yangu, kwa dalili ulizotaja, AC128 zako hazijaharibika. Zinavuja, yaani zinapitisha mkondo hata bila kuombwa. Kila transista ya gerimani, madini yaliyotumika kabla ya silikoni, huvuja, hata ikiwa mpya kabisa kutoka kwenye boksi, na joto huongeza uvujaji huo haraka: kwa makadirio ya kawaida, kila joto likipanda nyuzi 10 za Selsiasi, uvujaji huwa karibu mara mbili. Transista inayovuja mikroampea 100 kwenye nyuzi 20 itakuwa kwenye 200 hivi ifikapo nyuzi 30, na 400 ifikapo 40. Sakiti ya Fuzz Face ina nafasi moja isiyovumilia jambo hilo hata kidogo, nayo ni ya transista ya kwanza. Ukielewa sababu yake, maswali yako mengine yote yatakuwa mepesi, kwa hiyo niruhusu nikae hapo kwa muda.

Sakiti yenyewe unayo mbele yako. Betri ni ya volti 9. Kila transista ina miguu mitatu ya kazi: besi inayopokea amri, na kolekta na emita ambako mkondo mkubwa hupita. Kolekta ya transista ya kwanza inapata umeme kupitia rezista ya 33k (omu 33,000). Kolekta ya pili inapitia 8.2k na 470 zilizofuatana, na sauti inachukuliwa pale zinapokutana. Emita ya pili imekaa juu ya potenshometa ya 1k, ambayo ndiyo kitufe cha fazi, na kutoka kwenye emita hiyo rezista ya 100k inarudi kulisha besi ya transista ya kwanza. Nitataja volti bila alama ya hasi ili tusichanganyikiwe, maana AC128 ni PNP, aina ambayo emita yake hukaa upande wa chanya, na kila kitu kimegeuzwa ukilinganisha na aina ya NPN.

Sasa tupige hesabu kuanzia mwisho. Tunataka kolekta ya pili itulie kwenye volti 4.5, nusu ya betri, ili wimbi lipate nafasi ya kupanda na kushuka. Volti 4.5 zinazobaki zinaangukia kwenye 8.2k na 470, jumla 8.67k, kwa hiyo mkondo ni miliampea 0.52 hivi. Mkondo huo ukipita kwenye 1k ya emita, emita inakuwa kwenye volti 0.52. Ongeza volti 0.2 za besi na emita ya gerimani: kolekta ya kwanza iko karibu na volti 0.7. Hivyo rezista ya 33k imebeba volti 8.3, na mkondo wake ni mikroampea 250. Hizo 250 ndizo zote ambazo transista ya kwanza inaruhusiwa kupitisha. Na besi yake inapata kiasi gani? Besi hiyo iko kwenye volti 0.15 hivi, maana mkondo wake ni mdogo kuliko wa transista ya pili, kwa hiyo kwenye rezista ya 100k kuna tofauti ya volti 0.37 hivi, yaani mikroampea 3.7. Gawanya 250 kwa 3.7, unapata 68.

Ndiyo maana mafundi wa fazi husema transista ya kwanza iwe na gaini ya 70 hivi. Ni hesabu ya rezista zilizomo, na hakuna siri nyingine nyuma yake.

Weka sasa transista yenye gaini hiyo hiyo ya 70 lakini inayovuja mikroampea 100. Kati ya zile 250, mia moja zimeshapita bila kuombwa. Zinabaki 150, ambazo besi inaweza kuzileta kwa mikroampea 2 tu. Emita ya pili inashuka hadi volti 0.36 hivi, transista ya pili inapitisha mkondo mdogo, na kolekta yake inapanda mpaka karibu volti 6. Pedali bado inalia, ila sauti imeanza kukonda. Chumba kikipata joto uvujaji ukafika 200, besi karibu haina tena la kufanya. Ukipita 250, transista ya kwanza inafunguka yenyewe mpaka mwisho, ya pili inafungika, kolekta yake inakwenda kukaa karibu na volti 9, na noti inasikika pale tu unapoipiga kwa nguvu, kisha inakufa. Ni kile kile ulichonieleza. Weka mita kwenye kolekta ya pili wakati inakatika-katika. Nategemea utaona volti 8 au zaidi.

Twende kwenye mita yako iliyosema 180. Sehemu ya kupimia gaini kwenye multimita za kawaida hutia mkondo mdogo kwenye besi, mara nyingi mikroampea 10 hivi, kisha husoma mkondo wa kolekta na kugawanya. Haijui kutenganisha mkondo ulioletwa na besi na ule uliovuja wenyewe. Transista ikivuja mikroampea 400, mita itakuongezea gaini 40 ambazo hazipo. Kwa silikoni haidhuru, maana silikoni karibu haivuji kabisa. Kwa gerimani, namba ya mita ni fununu tu.

Kuna kipimo kizuri zaidi ambacho kilisambazwa miongoni mwa wajenzi wa pedali na R.G. Keen, mwandishi wa masuala ya pedali, na unahitaji rezista tatu, swichi na betri. Kwa PNP, unganisha emita kwenye chanya ya betri ya volti 9. Kolekta iunganishe kwenye hasi kupitia rezista mbili zilizofuatana, 2.2k na 270, jumla 2.47k. Besi ipitie rezista ya 2.2M (omu milioni 2.2), kisha swichi, kisha hasi. Mita iweke kwenye volti, ncha zake kwenye pande mbili za ile 2.47k. Swichi ikiwa wazi, besi haipati kitu, kwa hiyo volti yoyote unayoiona ni uvujaji: volti 0.25 ni mikroampea 100. Funga swichi. Besi sasa inapata mikroampea 4, na thamani ya rezista imechaguliwa ili gaini ya 100 ionekane kama volti 1. Toa usomaji wa kwanza kwenye wa pili, zidisha kwa 100. Ukiona 0.50 kisha 1.50, mtu asiyetoa uvujaji angeandika gaini 150. Ukweli ni 100, na transista inavuja mikroampea 200.

Usiishike kwa vidole wakati unapima. Joto la vidole pekee linatosha kuinua namba mbele ya macho yako, na ukiachia utaiona ikishuka taratibu. Iache itulie dakika kadhaa, na transista zote zipime katika chumba kimoja, siku moja, ili uweze kuzilinganisha. Kila moja ifungie kipande cha karatasi chenye namba mbili: gaini na uvujaji.

Ukishapata namba hizo, uamuzi wa kwanza ni huu: yenye uvujaji mdogo ikae mwanzo, hata kama gaini yake si 70 kamili. Kwenye nafasi ya kwanza ningependa uvujaji usizidi mikroampea 100 katika joto la kawaida la mahali utakapopigia, na ukiwa chini ya 50 ni bora zaidi. Ya pili inavumilia zaidi, kwa sababu mkondo wake ni karibu maradufu na rezista ya 100k inairudisha kwenye mstari. Gaini yake ikiwa kati ya 100 na 130 huwa nzuri. Ningekisia kwamba ile iliyosoma 95 inafaa mwanzo na ile ya 180 inafaa mwisho, lakini pima kwanza.

Kisha toa ile 8.2k na uweke trima (rezista ya kuzungusha kwa bisibisi) ya 20k mahali pake. Zungusha mpaka kolekta ya pili isome volti 4.5, halafu piga gitaa na usogeze kidogo huku na huku. Wengine hupenda zaidi ikiwa kwenye 5 au juu yake kidogo, ambapo mwisho wa noti unachanika vizuri. Hapo sikio lako ndilo lenye neno la mwisho. Ile 470 usiiguse kwa ajili ya bayasi, yaani kurekebisha volti za kutulia. Kazi yake ni kiasi cha sauti kinachotoka. Kama utapiga mahali ambapo joto hupanda na kushuka sana, toboa tundu dogo kwenye boksi ili bisibisi iifikie trima bila kufungua chochote.

Ile isiyo na jina sasa. Weka mita kwenye alama ya dayodi na utafute mguu mmoja ambao unapitisha umeme kwa miguu mingine yote miwili, upande mmoja tu. Huo ni besi. Kama ncha nyeusi ndiyo iliyo kwenye besi wakati umeme unapita, transista ni PNP. Kama ni nyekundu, ni NPN. Angalia namba inayosomeka. Ikiwa kati ya 0.1 na 0.3, umeshika gerimani. Ikiwa 0.6 au 0.7, ni silikoni, hata kama kofia yake imeandikwa nini. Kipimo hiki kimoja kinakulinda dhidi ya biashara mbaya ya silikoni zilizofutwa na kuandikwa upya majina ya gerimani, ambayo ipo na inaendelea. Kutofautisha kolekta na emita, ijaribu kwenye kile kipimo cha gaini kwa njia zote mbili. Njia inayotoa gaini kubwa ndiyo sahihi. Kwenye transista nyingi za Ulaya za zama zile, mguu ulio mbali kidogo na wenzake, au wenye doa jekundu ubavuni, ni kolekta, ila doa hufutika na miguu hupindwa, kwa hiyo thibitisha.

Majina yenyewe husomeka ukijua yalitungwa wapi. Kwenye mfumo wa Ulaya, herufi ya kwanza A ni gerimani na B ni silikoni. C inayofuata ni transista ya sauti ya nguvu ndogo, F ni ya masafa ya juu. Basi AC128 ni gerimani ya sauti, BC108 ni silikoni ya kazi hiyo hiyo. OC ni ya zamani zaidi, iliyorithiwa kutoka mfumo wa majina ya valvu: O maana yake haina waya wa kupashia moto. Majina ya Marekani yanayoanza na 2N hayakuambii kitu kuhusu kilichomo: 2N404 ni gerimani, 2N3904 ni silikoni. Ya Japani yanakuambia mwelekeo, si kilichomo: 2SA na 2SB ni PNP, 2SC na 2SD ni NPN. Za Kisovieti, GT ni gerimani na KT ni silikoni. MP39 hadi MP42 ni gerimani za PNP, MP35 hadi MP38 ni gerimani za NPN, lakini MP111 hadi MP116 ni silikoni, na hapo watu hununua wasichokitaka. Hizi gerimani za Kisovieti ningekushauri uzitafute bila kuona haya. Nyingi huvuja kidogo kuliko AC128 zilizochakaa, na zile za NPN zinakuondolea shida ya ethi (waya wa pamoja wa sakiti) nitakayoieleza.

AF117 yako usiitegemee. Mguu wa nne umeungwa na kofia ya bati, na familia hiyo, AF114 hadi AF117, ina ugonjwa unaojulikana: ndani ya kofia huota nyuzi nyembamba sana za bati ambazo hugusa transista yenyewe na kuiunganisha na kofia. Pima kati ya mguu wa nne na ile mingine mitatu. Ukiona umeme unapita, nyuzi zimeshaota. Isitoshe, iliundwa kwa masafa ya redio, na kwenye fazi haina faida ya pekee.

OC71 ni habari nyingine. Gaini yake kwa kawaida haifiki 100, hivyo inaweza kuwa ya kwanza kama haivuji sana. Ni kioo kilichopakwa rangi nyeusi, na rangi ile ina kazi: mwanga ukiingia unaamsha gerimani, kiasi kwamba ndugu yake OCP71 iliuzwa kama transista ya kuhisi mwanga. Igeuze chini ya taa na utafute mkwaruzo. Palipokwaruzika, taa ya umeme itasikika kama mvumo ndani ya amplifaya yako. Paka rangi nyeusi, au ivalishe kipande cha mpira mweusi. Usikunje miguu yake karibu na kioo. Ibane kwa koleo nyembamba na ukunje upande wa nje wa koleo, maana kioo kikipasuka pale waya unapoingia, unyevu unafuata.

Kwa zote, ningetumia soketi. Gerimani hazipendi joto la kulehemu, na soketi inakuruhusu kubadilisha mawazo. Kama ni lazima ulehemu moja kwa moja, acha miguu iwe mirefu na ubane kila mguu kwa koleo kati ya risasi na kofia.

Kuhusu ethi: sakiti ya PNP ina chanya ya betri kwenye ethi, na pedali nyingi nyingine zina hasi kwenye ethi. Ukizilisha zote kwa adapta moja, unaunganisha chanya na hasi kupitia waya za gitaa. Ipe betri yake, au weka ndani ya boksi chipu ya kugeuza volti kama MAX1044. Kumbuka pia kugeuza kapasita zenye chanya na hasi ukifuata mchoro wa NPN. Na ikae ya kwanza baada ya gitaa, bila bafa (sakiti ya kutenganisha) kati yao. Mlango wake una impedansi (ukinzani kwa mawimbi ya sauti) ndogo na unategemea kuhisi koili za gitaa moja kwa moja. Hapo ndipo unapata ule uzuri wa kupunguza volyumu ya gitaa na kusikia fazi ikisafika.

Nimalizie na NKT275. Ni kweli Fuzz Face za kwanza za kampuni ya Arbiter ya London, kuanzia 1966, zilitumia NKT275 za kiwanda cha Newmarket cha Uingereza. Lakini nyingine za miaka ile zilitoka na AC128, na kabla muongo haujaisha zilihamia kwenye silikoni kama BC183L na BC108. Kwenye NKT275 zenyewe, gaini na uvujaji vilitofautiana sana kutoka moja hadi nyingine, na kwa kuwa sakiti haikuwa na trima, pedali mbili zilizotoka pamoja zingeweza kuwa moja tamu na nyingine mbovu. Mtu akikuuzia jina bila namba mbili za kipimo, anakuuzia maandishi. AC128 mbili zilizopimwa vizuri zitakupa sauti unayoitafuta kuliko NKT275 mbili zilizookotwa.

Na kama vipimo vitaonyesha kwamba zote zinavuja kupita kiasi, bado una njia ninayoipenda: weka silikoni ya PNP mwanzo, kwa mfano 2N3906, na AC128 ibaki ya pili. Silikoni inakuletea utulivu pale penye udhaifu, gerimani inabaki na kazi ya kukunja wimbi mwishoni. Volti za besi ya kwanza zitakuwa 0.6 badala ya 0.2 hivi, emita ya pili itapanda, mkondo utaongezeka, kwa hiyo tarajia trima itulie chini ya 8.2k, pengine kwenye 6k. Silikoni pia hupokea masafa ambayo gerimani za sauti hazifiki. Ukisikia stesheni ya redio ndani ya amplifaya, weka kapasita ya pikofaradi 100 kati ya besi na kolekta ya transista ya kwanza. Ukiona imezima ung'avu unaoupenda, shuka hadi 47.